Maboga makubwa: kilo tatu zilizomunyima mukulima ushindi

Tarehe 14 Oktoba 2024, katika muji mudogo wa Half Moon Bay, jimbo la California, Marekani, boga la Travis Gienger liliwekwa juu ya mizani likapima pauni 2 471, ni kusema zaidi ya kilo 1 120. Boga la Brandon Dawson, mukaaji wa Santa Rosa, California kulekule, lilipima pauni 2 465. Tofauti ilikuwa pauni sita tu. Hazifiki hata kilo tatu.

Kilo hizo tatu zilikuwa na bei kubwa sana. Katika mashindano ya Half Moon Bay, yaliyoanza mwaka wa 1974, mushindi wa kwanza hulipwa dola 9 za Marekani kwa kila pauni ya boga lake. Gienger, ambaye ni mwalimu wa kilimo cha bustani na alikuwa amesafirisha boga lake kutoka Minnesota, safari ya zaidi ya kilometa 3 000, alirudi nyumbani na dola 22 239. Wa pili hahesabiwi kwa pauni. Yeye anapewa kiasi kilichopangwa mbele, na ni kidogo sana kikilinganishwa na kile cha wa kwanza.

Kwa mutu aliyezoea kununua vitu kwa kilo, hesabu hiyo inafika karibu dola 20 kwa kilo moja ya boga. Lakini hiyo si bei ya chakula. Nyama ya maboga hayo ina maji mengi na haina utamu, na si watu wengi wanaoipika. Kinacholipwa ni uzito tu.

Lakini mbele ya kufika kwenye mizani, kuna maswali mengine. Mashindano mengi ya maboga katika Marekani, Kanada na Ulaya yanafuata kanuni za umoja unaoitwa Great Pumpkin Commonwealth. Swali la kwanza ni la rangi. Boga lenye rangi ya manjano, ya chungwa ao nyeupe ya maziwa linaingia katika kundi la maboga. Lile la kijani, la bluu ao la kijivu linaingia katika kundi lingine, la skwashi. Jambo la kushangaza ni kwamba mumea ni ule ule, unaoitwa na wataalamu Cucurbita maxima, na mara nyingi mbegu zinatoka katika ukoo mumoja, ule wa Atlantic Giant ulioendelezwa na mukulima Howard Dill wa Nova Scotia, Kanada. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kugombea zawadi mbili tofauti kwa sababu ya ngozi tu. Umoja huo una pia makundi ya matikiti maji, ya vibuyu virefu na hata ya nyanya.

Swali la pili ndilo linaloogopesha wakulima. Waamuzi wanachunguza boga pande zote: karibu na kikonyo, upande ule ua lilipodondokea, na chini ya tumbo. Wakipata ufa ao tundu linaloingia mupaka katika uwazi wa ndani, boga linaondolewa katika mashindano. Linaweza kupimwa na kuonyeshwa kwa watu, lakini halipati nafasi wala zawadi, hata kama ndilo zito kupita yote. Boga lililooza vilevile linakataliwa.

Ili kuelewa uchungu huo, inafaa kujua namna boga hilo linavyolelewa. Mbegu inapandwa karibu na mwezi wa 4. Ua linachavushwa kwa mukono karibu na mwisho wa mwezi wa 6, kisha mukulima anaondoa matunda mengine na kubakiza moja tu juu ya mumea. Katika siku za kukomaa kwa haraka, tunda hilo linaweza kuongeza zaidi ya kilo 20 kwa siku moja. Ngozi ikishindwa kufuata mwendo huo, inapasuka. Ndiyo maana wakulima wanalifunika na kitambaa juu ya jua, wanaliwekea muchanga chini, na wanalipima kila mara kwa utepe: kulizunguka, kutoka upande hadi upande, na kutoka mbele hadi nyuma. Vipimo hivyo vitatu vinawapa makadirio ya uzito, lakini mizani inaweza kuwakatalia.

Tena, boga linapimwa rasmi katika uwanja mumoja tu. Mukulima akichagua uwanja mubaya, hapati nafasi ya kulipeleka kwingine juma linalofuata. Na zawadi hazilingani. Gienger alipovunja rekodi ya dunia mwaka wa 2023 kwa boga la pauni 2 749, karibu kilo 1 247, alikuwa Half Moon Bay, ambako anayevunja rekodi hupewa dola 30 000. Rekodi hiyo ilivunjwa tarehe 4 Oktoba 2025, karibu na Reading, Uingereza, na mapacha Ian na Stuart Paton. Boga lao lilipima karibu kilo 1 279. Jina lao liliingia katika historia, lakini zile dola 30 000 zilikuwa ngambo ya pili ya bahari. Nani angepandisha tani moja na zaidi katika ndege?

Kuna pia zawadi isiyotegemea mizani. Katika viwanja vya umoja huo, boga linalopendeza kupita mengine kwa rangi na umbo linaweza kupata tuzo yenye jina la Howard Dill. Hiyo inafaa, kwa sababu maboga mazito mengi hayapendezi: yanalala chini kama gunia lililomwagwa.

Dawson naye hakuacha. Mwaka wa 2025 alirudi Half Moon Bay na boga la pauni 2 346. Lilikuwa jepesi kwa zaidi ya kilo 50 kuliko lile lililoshindwa mwaka uliotangulia, lakini safari hii hakukuwa lililolipita. Akalipwa dola 21 114.

Mashindano yakiisha, maboga mengi yanapasuliwa. Mbegu zinatolewa, zinaoshwa, zinakaushwa, na zinapewa jina la uzito wa boga na la mwenye kulilima, kama vile 2749 Gienger. Wakulima wanazibadilishana ao kuziuza kwa mnada, wakingojea mwezi wa 4.