Ordinatere tunayounga wenyewe: usianze na sanduku, anza na kuran



Prime ya mwisho wa mwaka ao dekonti finale ikitoka, vitu vinavyoingia nyumbani tunavijua: mabati, frigo, televizyo. Siku hizi ordinatere nayo imeingia mu ile liste. Mutoto iko ku inivesite, anaomba. Mudogo wake wa humaniteri naye anaomba. Portabli ni bei kali, na kikiungua kitu kimoja ndani, mara mingi yote inakwisha. Njo maana vijana wengi wa kwetu, Lubumbashi na Kolwezi, wanachagua ile ya meza: wananunua vipande kimoja kimoja, wanaunga wenyewe ku nyumba. Kipande kikikufa, unabadilisha kile tu. Mimi ninasema hawakosei.

Mimi ni delege wa sendika, si fundi wa magazini. Lakini ile mashini tunayoandikia saa za wafanyakazi tuliiunga sisi wenyewe, na tangu hapo wandugu wananiletea za kwao. Ile nimeona mara mingi ndani ya masanduku yao, njo hii: feza imewekwa fasi mubaya. Sanduku liko na kioo na taa za rangi tatu, lakini alimentasio ni ya takataka.

Ndugu moja, konduktere wa dumper, alinunua alimentasio mara tatu ndani ya mwaka moja. Kila mara muuzaji alimuambia: «Papa, ni bahati mubaya, kuran ya huku njo inaua.» Zote tatu zilikuwa nyepesi sawa kopo tupu la maziwa, na juu yake kibandiko kizuri: 500 watt. Ya tatu haikufa peke yake, iliondoka na karte mere na diski. Mu ile diski mulikuwa TFC ya binti yake na picha za fishi zake za mushahara za miaka mine. Karte mere ni feza, utaitafuta tena. Lakini TFC ikipotea mwezi moja mbele ya kuitetea, ule mutoto anapoteza mwaka. Na fishi za mushahara zikipotea, siku ya kuhesabu dekonti wewe unakuja mikono mitupu, kampuni inakuja na makaratasi.

Alimentasio ni nini?

Ni ile sanduku ya chuma inayopokea kuran ya ukutani na kuigeuza kuwa kuran kidogo: volti 12, volti 5, volti 3,3. Ku karatasi kuran ya nyumba zetu ni volti 220. Ku nyumba, mangaribi, wakati kila mama anawasha resho, inashuka mpaka taa zinakuwa nyekundu. Delestaji ikiisha, kuran inarudi na kishindo. Alimentasio ya kweli inavumilia, na ikishindwa, inajizima. Ile ya uongo inaacha ubaya upite mpaka ku vipande vingine.

Sasa kuichagua. Usisome kibandiko kikubwa, soma tablo ndogo ku mbavu yake. Tafuta mustari wa 12V na hesabu ya ampere. Zidisha na 12. Kama mumeandikwa ampere 36, ni watt 432: muzuri. Kama sanduku linasema 500 watt lakini mustari wa 12V unasema ampere 18, nguvu yake ya kweli ku ule mustari ni watt 216. Na ku mashini za leo, prosesere na karte grafiki zinakula paka ku ule mustari wa 12V. Elektrisie wa kazini hahitaji kuelezwa mara mbili.

Kisha ibebe mukononi. Sisi watu wa shaba tunajua uzito. Ndani ya alimentasio ya kweli muko nyuzi za shaba zilizoviringishwa na vyuma vya kutosha moto. Ile nyepesi sana, walipunguza hivyo. Si sheria ya Musa, lakini imeniongopea mara kidogo sana. Angalia tena alama ya 80 PLUS. Watu wengine wanaichapa ya uongo, kwa hiyo alama peke yake haitoshi: alama, uzito na tablo vinaenda pamoja.

Kwa mashini ya masomo na kazi za biro, hauitaji watt 700. Prosesere ya watt 65, karte mere, bareti za RAM, diski na vantilatere, yote pamoja haipiti sana watt 150, hata ikitumika kwa nguvu. Alimentasio ya kweli ya watt 450 inashinda ya uongo ya 700.

Na jambo hili, tafazali, lisomwe mara mbili. Alimentasio zingine ziko na kitufe kidogo nyuma, mara mingi chekundu: 115 ao 230. Mashini iliyotoka Marekani inaweza kufika kwetu ikiwa imewekwa ku 115. Ukiitia mu prizi yetu vile, utasikia «paa!» na harufu, na ile kazi imekwisha. Angalia kitufe mbele ya kutia kamba.

Feza ikibaki, tafuta ondilere. Hata ile ndogo ya 650 VA inakupa dakika kidogo za kuandikisha kazi na kuzima muzuri. Kama haiko na feza, basi stabilisatere. Na kama hata hiyo hapana, kuko dawa ya bure: kuran ikikatika, tosha kamba mu prizi. Ikirudi, acha ipite dakika tano, ione kama inakaa, halafu rudisha. Fundisha watoto wote wa nyumba, hata wale wasioshika klavye. Ukigusa chuma cha sanduku na kikakupiga kidogo sawa sisimizi, ujue prizi haina tera. Ile ni kazi ya kufanya ku ukuta, si ku ordinatere.

Ndoa ya prosesere na karte mere

Fundi wa kazini anajua: bulo ya 12 haiingii mu tundu ya 10. Prosesere vile vile. Za AMD za aina ya Ryzen 5000 zinaingia mu karte mere ya AM4. Zile za 7000 za meza zinataka AM5. Intel za kizazi cha 12 mpaka 14 zinataka LGA1700. Bareti za DDR4 haziingii mu fasi ya DDR5, kakato kake hakako fasi moja. Usisukume. Ikikataa, inakuambia kitu.

Mutego mukubwa uko mu herufi. Intel Core i3-12100 iko na picha ndani yake, unaunganisha ekra ku karte mere na inaonesha. Core i3-12100F haina. Ile F ni bei kidogo, watu wanakimbilia, kisha wanafika nyumbani, vantilatere inazunguka, ekra nyeusi. Wanasema mashini imekufa. Haijakufa: inataka karte grafiki ya kununua mbali. Ku AMD, Ryzen 5 5600G iko na picha, Ryzen 5 5600 haina. Kwa nyumba ya mufanyakazi mimi nachagua ile yenye picha, ni kipande kimoja kidogo cha kuungua. Ukichukua karte mere ya zamani ya AM4, kwa mufano B450, uliza kama BIOS yake ilisasishwa kwa ajili ya Ryzen 5000. Kama hapana, napo ekra itabaki nyeusi.

RAM, bareti mbili za GB 8 zinapita moja ya GB 16, juu zinatumika pamoja. Diski, chukua SSD, hata ndogo. Ile ya kuzunguka iwe ya kuwekea picha na video. Sanduku, lolote lenye matundu ya hewa. Kioo hakisomeshi mutoto.

Kuko pia mashini za biro zilizotumika, Dell ao HP, zinazokuja kutoka Ulaya na Dubai. Ni za nguvu, ni rahisi, mimi sizitukani. Lakini mingi kati yazo iko na alimentasio ya fishi yao peke yao: ikifa, haiwezi kuingiza ya kawaida bila adapta. Muulize muuzaji mbele ya kutoa feza.

Ikikataa kuwaka

Kazini hatuingizi mukono mu konveyere mbele ya konsinyasio: kukata kuran, kufunga na kadena, kujaribu kuwasha ili tuone kama kweli imekufa. Ku nyumba fanya vile. Zima, tosha kamba, kisha bonyeza buto ya kuwasha sekunde kumi ili kuran iliyobaki itoke. Gusa chuma tupu cha sanduku, juu mwili wako nao unabeba kuran kidogo inayoweza kuua RAM. Alimentasio yenyewe usifungue hata siku moja: ndani muko vitu vinavyochunga kuran kali hata kamba ikiwa imetoka.

Kama haisemi kitu kabisa, usikimbilie kununua. Jaribu prizi na taa ingine. Badilisha kamba. Angalia kitufe cha nyuma cha I na O, utacheka mara ngapi njo hicho. Ndani, sukuma tena fishi kubwa ya pini 24, na ile ya pini 8 ao 4 iliyo karibu na prosesere. Ile ndogo watu wanaisahau kila siku. Buto ya mbele nayo inaweza kuwa mubaya: tosha kamba yake ku karte mere, gusisha pini mbili za PWR_SW na ncha ya turnavisi kwa sekunde moja. Ikiwaka, umepona, ni buto tu.

Kama vantilatere inazunguka lakini ekra nyeusi, anza na kamba ya ekra: kama uko na karte grafiki, kamba iwe ku karte grafiki, si ku karte mere. Kisha RAM. Tosha bareti zote, pangusa meno ya dhahabu na gome safi ya mwanafunzi, rudisha moja tu mpaka isikike «tak». Jaribu, halafu ile ingine, halafu fasi ingine. Ikikataa, rudia konsinyasio, tosha ile pili ya mviringo, CR2032, dakika tano, rudisha: inasahaulisha BIOS mipango mibaya. Ile pili ikichoka, saa ya ordinatere inarudi nyuma kila ukizima. Inabadilishwa na feza ya kununua mikate.

Kitu kimoja kwa wakati moja. Hii njo fundi wengi wa mujini hawafanyi: wanabadilisha vitu vitatu, inawaka, na wewe unalipa vitatu. Ukija kwake na kusema «nimejaribu prizi, kamba, bareti moja moja, pili», bei inashuka papo hapo.

Kama inawaka muzuri na kujizima kisha dakika kumi, ni moto. Angalia kama vantilatere ya prosesere inazunguka, kama plastiki ndogo ya chini ya radiatere ilitoshwa (nimeikuta mara mbili, ingali mupya), kama pate ya kupitisha moto haijakauka. Na vumbi. Wakati wa kiangazi, vumbi nyekundu ya barabara inaingia kila fasi. Kila miezi mitatu fungua, piga burashi laini ya rangi, vantilatere uishike na kidole isizunguke. Weka mashini juu ya meza, si chini. Mende wanapenda joto lake, nao wanaleta maji yao.

Ile iliyo ndani

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga usaidizi wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 inataka TPM 2.0, na ku Intel inakubali kwa kawaida kuanzia kizazi cha 8. Kwa hiyo mashini ya zamani ya biro inaweza kukataa. Linux Mint ni ya bure, na LibreOffice inaandika TFC sawa sawa.

Kwa ile yetu ya sendika: fungua dosie moja kwa kila mwezi, tia picha ya fishi ya mushahara, na saa ulizotumika, siku kwa siku. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema saa 45 kwa juma. Saa zinazopita zinaonekana paka kama uliziandika. Kisha weka kopi mbili ku kle USB, moja ikae ku nyumba mbali na mashini, ingine ku nyumba ya ndugu. TFC ya mutoto iingie mu ile kle kila jioni akimaliza kuandika, mbele kuran haijakatwa.