Wanawake walivyojenga ushabiki wa hadithi za kisayansi

Zinapotajwa hadithi za kubuni za kisayansi, zile za vyombo vya angani na viumbe wa sayari nyingine, wengi huwafikiria wanaume. Hata hivyo, historia ya mchezo wa runinga wa Star Trek nchini Marekani yadhihirisha kwamba ushabiki kama ujulikanavyo leo ulijengwa kwa sehemu kubwa na wanawake.

Mchezo huo ulianza kupeperushwa na kituo cha NBC mnamo Septemba 1966. Mwishoni mwa 1967, fununu zilienea kwamba ungesitishwa. Bi Bjo Trimble na mumewe, John, wakaanzisha kampeni ya barua. Mbinu yao ilikuwa sahili: kila shabiki aandike, kisha awahimize wenzake kumi nao waandike. Barua zilimiminika kwa maelfu, na Machi 1968 NBC ikatangaza kwamba mchezo ungeendelea. Msimu wa tatu ulifikisha vipindi 79, ambavyo vilirudiwa na vituo vingine katika miaka ya 1970 na kuvuta mashabiki wapya.

Wakati huo huo, kalamu hazikulala. Mnamo 1967, Devra Langsam na Sherna Comerford walitoa Spockanalia, linalotambuliwa kuwa jarida la kwanza la mashabiki kuhusu Star Trek pekee. Majarida ya aina hiyo yalirudufiwa kwa mashine ndogo na kusambazwa kwa posta. Humo wanawake walitunga visa vipya kuhusu wahusika waliowapenda, wakichimbua yale ambayo runinga iliyagusa juujuu: urafiki, huzuni na mapenzi.

Aidha, walijihakiki wenyewe. Mnamo 1973, Paula Smith aliandika kisa cha tashtiti kuhusu Mary Sue, luteni wa miaka 15 na nusu aliyehusudiwa na kila mtu. Lengo lilikuwa kukejeli wahusika wasio na dosari. Jina hilo baadaye likageuka rungu la kumpiga karibu mhusika yeyote wa kike shupavu, hata baadhi ya waandishi wakaogopa kuwaumba mashujaa wa kike.

Suala jingine zito lilikuwa hakimiliki. Kwa kuwa wahusika ni mali ya kampuni, kazi za mashabiki zingeweza kuondolewa wakati wowote. Ili kuzilinda, mashabiki, wengi wao wanawake, akiwemo mwandishi wa riwaya Naomi Novik, waliunda shirika lisilo la kibiashara mnamo 2007. Hifadhi yake ya intaneti, Archive of Our Own, ilifunguliwa kwa umma 2009, na sasa ina kazi zaidi ya milioni 10. Mnamo 2019, hifadhi hiyo ilituzwa Hugo, mojawapo ya tuzo kuu za fasihi ya kisayansi.

Waama, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kazi iliyobezwa kuwa mchezo wa wasichana ndiyo iliyowafundisha watazamaji kwamba hadithi haimaliziki pale runinga inapozimwa.