Mchoro wa Jengo Ulingane na Jengo Lenyewe: Usalama wa Moto katika Makao ya Wazee

Makao ya wazee mara nyingi huanzia katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia moja. Wakazi wakiongezeka, veranda huzibwa ikawa chumba, stoo hutiwa vitanda, na mlango wa nyuma huwekewa grili kwa kuhofia wezi. Jengo hubadilika, lakini mchoro uliobandikwa ukutani hubaki ule ule wa zamani.

Moto ukizuka usiku, tofauti hiyo inaweza kuua. Zimamoto hawalijui jengo, na penye moshi mzito mtu haoni hata mkono wake. Mchoro ukionyesha mlango mahali palipojengwa ukuta, waokoaji watapoteza dakika ambazo mzee asiyeweza kutembea hana.

Huko Uskoti, moto ulizuka alfajiri ya Januari 31, 2004 katika makao ya Rosepark na kuua wazee 14. Kengele ililia, lakini wahudumu hawakutambua mara moja ni sehemu gani ya jengo iliyokuwa ikiungua. Zimamoto waliitwa baada ya dakika 9 hivi. Hapa nchini, bweni la shule ya upili ya Kyanguli, Machakos, liliteketea Machi 2001 na wanafunzi 67 wakafariki. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Kwa hivyo mchoro ukionyesha mlango wa kutokea, lazima mlango huo uwe unafunguka.

Sheria inasemaje?

Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti huduma za zimamoto. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka mwenye jengo kupata kibali cha kaunti kabla ya kulijenga au kulifanyia mabadiliko makubwa. Nazo Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za 2007 zinataka ukaguzi wa usalama wa moto na mazoezi ya kuondoka vifanywe mahali pa kazi angalau mara moja kila miezi 12.

Namna ya kuuhakiki mchoro

Msimamizi auchukue mchoro mkononi na kutembea nao chumba kwa chumba, pamoja na mhudumu wa zamu ya usiku. Wahakikishe umeonyesha:

• milango yote ya kutokea, ni upande gani inafungukia, na funguo ziko wapi;
• madirisha yenye grili;
• swichi kuu ya umeme, mitungi ya gesi na jiko;
• vizima moto, matangi ya maji na lango ambalo gari la zimamoto linaweza kupita;
• vyumba vya wakazi wasioweza kutembea bila msaada;
• uwanja wa kukusanyikia.

Majina ya vyumba kwenye mchoro yawe yale yale yaliyoandikwa milangoni na kwenye kifaa cha kengele ya moto. Kama mchoro unasema "Chumba 7" na wahudumu wanakiita "kwa akina mama", mgeni atapotea.

Majina na maradhi ya wakazi yasibandikwe ukutani. Orodha ya waliolala humo na msaada ambao kila mmoja anahitaji ikae kwa kiongozi wa zamu, na irekebishwe kila zamu inapobadilishana.

Andika tarehe kwenye mchoro. Nakala moja iwekwe karibu na lango, isije ikateketea na jengo, na nyingine ipelekwe kituo cha zimamoto kilicho karibu. Fundi akijenga, akibomoa au akiziba chochote, mchoro urekebishwe siku hiyo hiyo na nakala za zamani ziondolewe zote.

Moto ukizuka, piga 999 au 112 mara moja, huku wakazi wakiondolewa.