Mtoto Mzito wa Masomo: Je, ni Ujinga au ni Mzigo wa Moyo?

Wazazi wengi wa Kibera na Kawangware hufanya kazi ngumu tangu alfajiri hata usiku kwa ajili ya jambo moja kubwa, nalo ni elimu ya watoto wao. Baba wa Kibera hufuata njia ya reli kwa miguu kwenda Eneo la Viwanda kutafuta kibarua. Mama wa Kawangware huvuka kwenda Lavington au Kileleshwa kufua nguo za watu. Jioni fedha iliyopatikana hugawanywa: kodi ya chumba, unga, maji ya mtungi, na karo. Kwa hiyo si ajabu mzazi kuona uchungu mkubwa aletewapo habari ya kuwa mtoto wake ameshindwa masomo, au hafiki shuleni, au amekuwa mgomvi kwa wenziwe. Lakini uchungu huo mara nyingi huishia katika fimbo na maneno makali: "Wewe ni mjinga! Nimetupa fedha zangu bure!"

Ndugu msomaji, mtoto wa namna hiyo mara nyingi si mjinga wala si mkaidi. Amechukua mzigo ambao hajapata mtu wa kumweleza. Na mtu wa kwanza awezaye kumtua ni mzazi wake, hata kama mzazi huyo mwenyewe hakupata kusoma.

MAHALI MTOTO AKAAPO

Jina la Kibera latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, maana askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles ndio waliopewa nafasi ya kukaa pale mwanzoni mwa karne ya 20. Kawangware nayo ilikuwa nchi ya mashamba katika Dagoretti kabla ya mji kuifikia. Siku hizi mahali pote pawili pamejaa watu wa makabila mengi, na jamaa nyingi hukaa katika chumba kimoja cha futi 10 kwa 10. Humo ndimo watu wanamopika, wanamolala na kuzungumza, na humo ndimo mtoto anamotakiwa kufanya kazi aliyopewa na mwalimu. Redio ya jirani husikika kupitia ukuta wa mabati. Ugomvi wa wakubwa husikika vile vile.

Tena yako mambo mazito yaliyowapata watoto hawa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watoto wa wakati ule waliona nyumba na vibanda vikichomwa moto. Tarehe 23 Julai 2018 nyumba nyingi za Kibera zilibomolewa ili kupisha barabara, na shule kadhaa zikaanguka pamoja nazo. Mwezi wa Machi 2020 shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na watoto wengi hawakurudi darasani mpaka Januari 2021. Mwaka wa 2024 mvua kubwa za masika zilileta mafuriko mjini Nairobi. Mtu mzima apatwapo na mambo kama hayo husema, "Nimechoka." Mtoto hana neno la kusema, naye husema kwa matendo.

Shuleni nako hali si nyepesi. Serikali ilipoondoa karo ya shule za msingi mwezi wa Januari 2003, wanafunzi nchini waliongezeka kutoka kama milioni 5.9 hadi kama milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Lilikuwa jambo jema sana, lakini madarasa ya mjini yalijaa, na mwalimu mwenye watoto wengi hawezi kumtambua kila mmoja. Watoto wengine wengi wa Kibera na Kawangware husoma katika shule ndogo za watu binafsi au za makanisa, ambazo nazo zina upungufu wao. Kwa hiyo mzazi asingoje mwalimu aone kila kitu.

DALILI ZA KUANGALIA

Shirika la Afya Duniani lasema ya kuwa theluthi moja ya maradhi ya akili huanza mtu akiwa hajapita miaka 14, na ya kuwa kati ya vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana shida ya namna hiyo. Maradhi haya si wazimu wa kuokota takataka njiani, kama wengi wadhanivyo. Mara nyingi ni huzuni isiyoondoka, au hofu isiyo na sababu ya kuonekana.

Mzazi na aangalie mabadiliko. Mtoto aliyekuwa akicheza sasa akaa peke yake. Aliyekuwa akilala vizuri sasa ashtuka usiku, au amerudia kukojoa kitandani. Kila asubuhi ya shule tumbo lamwuma, na Jumamosi halimwumi. Hasira zimezidi, chakula hakitaki, vitu alivyovipenda havimpendezi tena. Dalili moja ya siku mbili si neno, lakini zikidumu majuma mawili au zaidi, hapana budi kuuliza.

Pia ziko sababu za mwili. Mtoto asiyeona ubao vizuri hunakili makosa, na asiyesikia vizuri hudhaniwa kuwa mtoro wa mawazo. Mwingine ana akili nyingi, lakini herufi zamchanganya kwa namna alivyozaliwa. Mwingine ana njaa tu. Watoto hao wote hupewa jina moja, "mjinga", na jina hilo likirudiwa kila siku mtoto huanza kuliamini.

JAMBO LILILOJARIBIWA KIBERA

Labda msomaji atasema, "Haya ni mambo ya madaktari, sisi tutafanya nini?" Basi na asikilize habari hii. Kijana Mkenya, Tom Osborn, pamoja na wenzake walitengeneza mafundisho mafupi ya kuwasaidia vijana wenye huzuni na wasiwasi, wakayaita Shamiri. Katika shule moja ya sekondari ya Kibera walichukua wanafunzi 51 waliokuwa na dalili hizo. Wengine walifundishwa namna ya kusoma vizuri, na wengine mafundisho ya Shamiri. Walikutana kwa vikundi, saa moja kila juma, kwa majuma manne. Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana waliomaliza sekondari karibuni, wakapewa mafunzo kidogo.

Na walifundisha nini? Ya kuwa mtu aweza kubadilika na kuendelea kwa juhudi, ya kuwa yafaa kukumbuka mambo mema na kushukuru, na ya kuwa kila mtu ajue ni mambo gani ayathaminiyo maishani. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2020. Vijana wa Shamiri walipungukiwa na huzuni na wasiwasi kuliko wenzao, na alama zao za masomo zilipanda zaidi kuliko za wale waliofundishwa namna ya kusoma. Jaribio la pili, kubwa zaidi, la vijana 413, lilitangazwa mwaka wa 2021, nalo pia lilionyesha faida juu ya huzuni na wasiwasi.

Jambo hili latufundisha ya kuwa moyo ukitulia, masomo nayo huingia. Tena msaada wa kwanza waweza kutolewa na mtu asiye daktari, mradi ajue kusikiliza na kutia moyo.

MZAZI AFANYE NINI?

Kwanza, atenge dakika chache kila jioni za kuzungumza na mtoto. Asianze na swali la alama. Aulize, "Leo ni jambo gani lililokufurahisha? Ni lipi lililokusumbua?" Kisha anyamaze asikie. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mkuu asiyesikia la mdogo naye huja kuvunjika moyo.

Pili, ampe mtoto mahali na wakati. Chumba hakiwezi kupanuka, lakini redio yaweza kuzimwa kwa saa moja, na ugomvi wa baba na mama waweza kungoja. Mzazi asiyejua kusoma na amwambie mtoto, "Nisomee ulichojifunza leo." Kusikiliza kwake ni msaada mkubwa.

Tatu, aende shuleni kabla ya kuitwa. Mwalimu aijuaye hali ya nyumbani, kwa mfano kifo au kuhamahama, humhukumu mtoto kwa upole. Mtaala mpya, ambao umekwisha ondoa mtihani wa KCPE uliofanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, wamtaka mzazi awe mwenzi wa mwalimu.

Nne, aiweke fimbo chini. Wako wasemao samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini akunjaye samaki humkunja polepole, hampigi. Sheria ya Elimu ya mwaka 2013 imekataza kumtesa mwanafunzi kwa mwili au kwa akili. Kilichokatazwa shuleni hakiwezi kuwa dawa nyumbani.

Tano, dalili zikidumu, atafute msaada bila haya. Aanzie kituo cha afya kilicho karibu. Kwa mtoto mwenye shida ya kuona, kusikia au kujifunza, viko vituo vya serikali vya kuwapima watoto, vilivyoanzishwa mwaka wa 1984, na mwalimu mkuu aweza kumwelekeza mzazi. Hospitali ya Mathari, iliyoanzishwa mwaka wa 1910, si gereza wala mahali pa aibu. Watoto pia hutibiwa pale. Tena iko simu ya 116 ya kuwasaidia watoto, isiyolipiwa.

Na mtoto akisema anataka kufa, asichekwe wala asitishwe. Akae na mtu karibu, dawa na sumu za panya ziondolewe mahali awezapo kuzifikia, na apelekwe hospitali siku ile ile. Zamani jamaa nyingi zilificha mambo haya kwa kuogopa polisi, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka ya kuwa sheria ya kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Mtu kama huyo ni wa kutibiwa.

Karo ni lazima ilipwe, na vitabu ni lazima vinunuliwe. Lakini sikio la mzazi halinunuliwi dukani, nalo liko katika kila nyumba, toka Laini Saba hata Gatina. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.