Fundi niliyeibiwa WhatsApp, na mamangu aliyemtambua mwizi kwa kukosa salamu

Nyumbani kwetu Kibokoni mimi ndiye mtu wa mitambo. Maana yake ni kwamba kitu chochote chenye waya, betri au taa kikiharibika naitwa mimi, na hata kisipoharibika nalaumiwa mimi, kwa kuwa huenda nilikigusa. Mchana kazi yangu ni kutengeneza kompyuta na kuvuta nyaya za intaneti maofisini. Jioni narudi nyumbani kuendelea na kazi ileile, bila malipo.

Nina tabia zangu, sikatai. Ukinijia na tatizo lolote, jibu langu la kwanza ni, "Umezima ukawasha?" Mwaka jana nilipolala na homa, mke wangu alikuja akasimama kando ya kitanda akaniuliza kama anizime aniwashe. Nina droo nzima ya nyaya za chaja za simu ambazo hazipo tena duniani, na hairuhusiwi kutupwa. Ratiba ya kuosha vyombo niliipanga kwa kompyuta, kila mtoto na zamu yake. Baada ya wiki mbili nikagundua kifungua mimba wangu amejiondoa kwenye ratiba na zamu zake zote kampa kitinda mimba. Nilipomuuliza alinijibu kwa adabu, "Baba, uliiacha kompyuta wazi."

Halafu kuna nenosiri la Wi-Fi. Lina herufi, nambari na alama 24. Wageni wakija siku ya Idi, kahawa hupoa kabla hawajamaliza kuliandika. Mamangu alilitazama mara moja kwenye karatasi akalirudisha. "Hili si neno la siri," akasema, "hii ni hirizi."

Nawaeleza haya ili mjue ni mtu wa aina gani aliyetapeliwa. Hakuwa mtu asiyejua simu. Alikuwa ni mimi.

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, baada ya alasiri. Nilikuwa nimeamka saa tisa usiku kula daku, nikafanya kazi kutwa, kisha nikapanda juu ya paa kurekebisha waya. Mkono mmoja umeshika koleo, mwingine umeshika simu. Ukaingia ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa rafiki yangu wa miaka mingi: "Kaka, nimekutumia nambari 6 kwa SMS kimakosa. Nirudishie haraka tafadhali." Na kweli, juu ya kioo kulikuwa na SMS yenye nambari 6. Nikazinakili, nikamtumia, nikaendelea na waya wangu. Jambo hilo halikuchukua hata nusu dakika.

SMS ile ilikuwa na maneno mengine pia. Ilisema nambari hizo asipewe mtu yeyote. Mimi nilisoma tarakimu tu. Mimi ambaye kila siku nawaambia wateja, "Soma kilichoandikwa kabla hujabonyeza."

Sasa niwaeleze kilichotendeka, maana wengi wanadhani mwizi wa WhatsApp ni kijana mwenye kompyuta tatu anayepenya kwenye mitambo usiku wa manane. La. Akaunti ya WhatsApp haina jina wala nenosiri la kuingilia. Kitambulisho chako ni nambari yako ya simu. Ukinunua simu mpya na kuweka WhatsApp, unaandika nambari yako, nao wanatuma tarakimu 6 kwa SMS ili wahakikishe kwamba laini iko mkononi mwako. Ukiziandika, akaunti inahamia kwenye simu hiyo mpya, na ile ya zamani inatolewa.

Hapo ndipo tapeli anapoingilia. Anachukua simu yake, anaandika nambari yako. Tarakimu 6 zinakuja kwako, kwa sababu laini ni yako. Kwake kimebaki kikwazo kimoja tu, nacho ni wewe. Basi anakuomba. Na hakuombi kwa jina geni. Anakuomba kwa akaunti ya mtu unayemjua, aliyemwibia kwa njia hiyohiyo saa moja iliyopita. Rafiki yangu alikuwa ameshaibiwa na mimi nikaibiwa kupitia kwake. Dakika chache baadaye, watu wangu walikuwa wanatafutwa kupitia kwangu. Ni kama mnyororo, na kila pete yake ni urafiki wa watu wawili.

Wakati mwingine nikiwapeleka watoto Fort Jesus, huwaonyesha unene wa kuta zile. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na kwa macho ya kawaida hakuna namna ya kuingia. Lakini Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hassan aliingia ndani na watu wake na kuitwaa. Hakubomoa ukuta. Alipita mlangoni, kwa sababu alikuwa mtu anayejulikana na hakuna aliyemzuia. Simfananishi sultani na matapeli, yeye alikuwa na kisa chake na Wareno. Ninachosema ni kwamba ukuta mnene hausaidii kitu ikiwa mlango unafunguliwa kwa uso unaofahamika. Mimi nilikuwa na nenosiri la herufi 24 kwenye Wi-Fi, na mlango wa mbele nikaufungua mwenyewe nikiwa juu ya paa.

Tuje kwa mamangu.

Mama anakaa chumba cha chini. Jioni ile alikuwa akipiga unga wa kaimati, simu iko kando ya bakuli. Kwenye simu hiyo ya M-Pesa kulikuwa na pesa za mchezo wa kina mama wa mtaa. Yeye ndiye mweka hazina, na zilikuwa zikabidhiwe mwenye zamu siku mbili baadaye, kwa ajili ya nguo za Idi za watoto wake. Si pesa zake. Zikipotea hapo hasemwi tapeli, atasemwa yeye, na kwa umri wake jina ndilo mali aliyobaki nayo.

Akaingiwa na ujumbe kutoka kwangu: "Habari dear. Nimepata ajali ndogo niko hospitali. Nisaidie 15,000 nitarudisha kesho. Usipige simu, spika imeharibika. Tuma kwa nambari hii, ni ya nesi."

Picha ni yangu na nambari ni yangu. Mama hakutuma. Aliifuta mikono unga, akatoka mpaka chini ya ngazi, akamuita mke wangu. "Mumeo yu wapi?"

"Yuko juu ya paa."

Mama akainua kichwa akapaza sauti, mtaa mzima ukasikia: "Wewe! Kwani u hospitali?"

Nikajibu kutoka juu, "Sipo hospitali, niko kwenye waya!"

"Basi shuka," akasema, "umeshaibiwa."

Baadaye nilimuuliza alijuaje. Alinihesabia kwa vidole. "Kwanza, hapana salamu. Mwanangu hata tukigombana aanza na asalaam aleikum. Pili, ati 'dear'. Tangu lini mimi nawe tukaitana hivyo? Tatu, wewe spika yako ikiharibika huniambii imeharibika. Wanieleza ilivyoharibika, nusu saa."

Kwenye fani yetu tunafundishwa kwamba mtu hutambuliwa kwa njia tatu: kwa kitu anachokijua, kama nenosiri, kwa kitu alicho nacho, kama laini ya simu, na kwa mwili wake, kama alama ya kidole. Tapeli alikuwa ameshaipata nambari yangu na picha yangu. Kilichomshinda ni mazoea: namna ninavyosalimu, ninavyomwita mamangu, ninavyowachosha watu kwa maelezo. Siku hizi hata mabenki yana programu zinazoangalia mwenendo wa mteja na kushtuka ukibadilika. Mamangu alikuwa na programu hiyo kabla hawajaiunda.

Lakini si kila mtu aliyesoma kwa makini. Tapeli akiiteka akaunti hapati mazungumzo yako ya zamani, maana hayo hukaa ndani ya simu yako. Anachokiona ni makundi uliyomo na nambari za wanachama wake. Kwa hiyo aliwaandikia watu wa kundi letu la ukoo mmoja mmoja. Shemeji yangu wa Malindi alituma 5,000 pale pale, bila kuuliza, kwa mapenzi tu. Alipogundua, zilikuwa zimeshatolewa. Nimemlipa kwa awamu mbili. Yeye hakutaka, lakini mimi nisingeweza kumtazama usoni.

Akaunti niliirudisha hivi, na wewe ikikutokea fanya hivyohivyo bila kungoja. Fungua WhatsApp upya kwenye simu yako, andika nambari yako, ngoja tarakimu 6 mpya, uziandike. Tapeli anatolewa saa hiyohiyo, kwa kuwa laini bado ni yako. Kwangu mimi alikuwa ameshaweka PIN yake ya pili, kwa hiyo ikanibidi kusubiri siku 7 kabla ya kuingia. Mke wangu asema zilikuwa siku za utulivu mkubwa.

Wakati unasubiri, piga simu. Wapigie watu wa makundi yako, au mtu mmoja wenu aandike kwenye kila kundi kwamba ule si wewe. Usione haya. Haya ndiyo inayompa tapeli muda wa kufanya kazi.

PIN hiyo ya pili ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa kuwa nilipaswa kuwa nayo mimi kabla yake. Iko kwenye Mipangilio, kisha Akaunti, kisha Uthibitishaji wa hatua mbili. Unachagua tarakimu 6 zako mwenyewe. Baada ya hapo, hata mtu akizipata zile za SMS hawezi kuingia bila hizi zako. Nilikuwa nimewawekea wateja wangu wa ofisi kadhaa na kuwaeleza umuhimu wake kwa kirefu. Kwenye simu yangu sikuweka. Wahenga walishasema, kinyozi hajinyoi.

Mengine ni machache na mepesi. Tarakimu za SMS ni kama PIN ya M-Pesa, hazina "kimakosa" wala "nirudishie". Hakuna mtu duniani anayezihitaji isipokuwa wewe. Ukiombwa pesa kwa maandishi, piga simu uisikie sauti, na ukiambiwa usipige, hapo ndipo pa kupiga. Kabla hujathibitisha muamala, soma jina la anayepokea. Jina la mtu usiyemjua likipewa sababu, ya nesi, ya daktari, ya dereva, simama. Na SMS za utapeli zipeleke Safaricom kwa nambari 333, wazifuatilie.

Nyumbani tumeongeza jambo moja. Kwa kuwa siku hizi kuna programu zinazoweza kuiga hata sauti ya mtu, tumeweka swali la familia. Yeyote anayeomba pesa kwa simu lazima alijibu kwanza. Jibu lake halimo kwenye Facebook wala kwenye picha yoyote. Lilitokea nyumbani, mbele ya sinia ya pilau, na waliokuwepo hawatalisahau. Swali lenyewe siwaambii. Nanyi tafuteni la kwenu, na mlizungumze ana kwa ana, msiliandike kwenye kundi.

Wazo lilikuwa langu, lakini msimamizi ni Mama, na cheo amekipenda. Wiki iliyopita nilimpigia nikiwa kwenye feri ya Likoni, kelele tupu, nikamwambia nimeona changu wazuri, anitumie 500 niongezee. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza swali. Nikamwambia, "Mama, ni mimi, sauti yangu huijui?" Akaliuliza tena. Ikabidi nilijibu kwa sauti kubwa katikati ya watu, na jibu lenyewe si la kumpa heshima mtu mzima.

Aliridhika, akatuma. Kisha akanikumbusha nianze na salamu.