Majibu Yasiyokuwapo: Hatari ya Kuiharakisha Programu ya Kitabibu

Katika kliniki ya figo, nafasi tupu kwenye fomu ya maabara ina maana yake. Humjulisha daktari kwamba damu haikupimwa, au ilipimwa na majibu hayajafika. Miaka michache iliyopita, mimi na mwenzangu tuligundua kwamba programu ndogo tuliyoitumia kupanga wagonjwa ilikuwa imewaweka watu wa namna hiyo katika kundi la wenye figo zima. Mmoja wao alikuwa amevimba miguu yote miwili. Hakuna aliyedhurika, kwa kuwa mafaili yalisomwa tena kwa macho.

Tulikagua kanuni ya hesabu tukaikuta sahihi. Kosa lilikuwa mahali ambapo sisi madaktari hatutazami kamwe. Programu ile tuliipokea ikiwa msimbo chanzo, yaani maandishi ya mwanaprogramu mwenyewe, na fundi akaipitisha kwenye kompaila, chombo kinachogeuza maandishi hayo kuwa amri za mashine. Kompaila hupewa maelekezo ya ziada. Kwa GCC, inayotumika sana katika Linux, elekezo la -O2 huongeza kasi bila kugusa maana ya hesabu za desimali. Fundi wetu, kwa nia njema, alichagua -Ofast, ambalo ndani yake limo -ffast-math.

Hapo ndipo penye tatizo. Tangu mwaka 1985, kiwango cha IEEE 754 kimeweka thamani maalumu iitwayo NaN, maana yake “si namba”, na programu yetu iliitumia kuwakilisha kipimo kilichokosekana. Elekezo la -ffast-math huiahidi kompaila kwamba thamani hiyo haitatokea kamwe, nayo huamini. Mstari uliouliza, “Je, hii si namba?” uliondolewa, kwa kuwa jibu lilidhaniwa kujulikana. Likabaki swali la pili: je, uchujaji wa figo uko chini ya 60? “Si namba” haiko chini ya chochote. Jibu likawa hapana, na mgonjwa asiyepimwa akapita kama mzima, bila onyo lolote.

Tuliijenga upya kwa -O2, na wagonjwa wale wakarudi kwenye orodha ya wanaosubiri majibu. Kasi iliyopotea ilikuwa ndogo mno; chai yangu haikuwahi kupoa.

Elekezo jingine, -march=native, huijenga programu kwa ajili ya prosesa ya kompyuta ileile inayoijenga. Ukiihamishia kwenye kompyuta kuukuu ya wodini, huenda ikazimika ghafla. Hilo silihofii sana, maana programu iliyozimika humfanya mtu ampigie fundi simu.

Wahudumu wenzangu, kabla ya kuiamini programu mpya, ingizeni rekodi ya majaribio isiyo na kreatinini, kisha mtazame inamweka wapi mtu huyo. Mwombeni fundi aandike maelekezo aliyoyatumia na ayahifadhi pamoja na programu, kwani anayekuja baada yake hataweza kuyakisia. Nawe mgonjwa, ukiambiwa kwamba kompyuta imeonyesha figo zako ni nzima, uliza namba yenyewe ni ngapi na damu ilichukuliwa tarehe gani.