Je, Wajua? Kirusi Kilichofanywa Hamali

Je, wajua kwamba mama wa Lucky Summer, Nairobi, ampelekapo kliniki mwanawe wa wiki 6 ili adungwe pajani chanjo ikingayo maradhi matano, ndani ya sindano hiyo mna protini ya gamba la kirusi cha homa ya ini aina ya B, na kwamba protini iyo hiyo ndiyo hamali wa chanjo ya malaria iitwayo RTS,S? Kwa kuwa kipande cha protini ya kimelea cha malaria, kikiwa peke yake, hakiuamshi mwili ipasavyo, wataalamu walikiunga na protini hiyo ya kirusi, wakaitumia hamira, ya jamii ile ile iumuayo mkate uuzwao vibandani mtaani, kuviumba pamoja, navyo vikajikusanya kuwa chembe zenye sura ya kirusi, ila hazina uwezo wa kuambukiza. Kenya ilianza kuitoa chanjo hiyo Homa Bay mnamo Septemba 2019, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021. Ama kweli, adui wa ini, alipokwisha kunyang'anywa silaha, amekuwa mtumishi wa damu.